Masikio Yakilia: kwinini, sindano za kifua na tando za sikio la ndani

Kama umewahi kulazwa kwa malaria kali kabla ya miaka ya 2010, huenda unaukumbuka ule mlio. Dripu ya kwanza inaisha, ya pili inatundikwa, na masikio yanaanza kulia ziiiii, kama nyenje wa mchana wa jua kali, ila nyenje wenyewe wamo kichwani mwako. Nesi anakusemesha na sauti yake inakuja kama anaongea kutoka chumba cha pili. Ukilalamika unaambiwa: hiyo ni kwinini, itapita. Na kwa wengi kweli ilipita, siku chache baada ya dawa kumalizika.

Katika wodi za Mbinga, Litembo, Liuli na Mbamba Bay mlio huo ulikuwa kitu cha kawaida kiasi kwamba wapo waliouchukua kama dalili nzuri: masikio yakilia, dawa imekolea. Usiwacheke. Wazo hilo hilo walikuwa nalo madaktari wa Ulaya miaka 150 na zaidi iliyopita, na mmoja wao alilibeba mpaka Ziwa Nyasa. Lakini kwenye zahanati hizo hizo ilikuja baadaye dawa nyingine, ya sindano, ambayo nayo iliyagusa masikio, na hii haikurudisha ilichochukua. Kwa nini moja inakopa na nyingine inachukua moja kwa moja? Ili kujibu lazima tuingie ndani kabisa ya sikio, kwenye tando ambazo nyingine ni nyembamba kuliko karatasi ya msahafu.

Tuanze na ramani. Sauti inagonga kiwambo cha sikio, kinatikisa vifupa vitatu, na kifupa cha mwisho kinasukuma kidirisha cha sikio la ndani kama pistoni. Huko ndani kuna mfereji ndani ya mfupa, umejikunja kama nyumba ya konokono mizunguko miwili na nusu hivi. Ndiyo koklea. Ukiunyoosha unapata kama milimita 35, mfupi kuliko kidole chako cha mwisho. Mfereji huo umegawanywa na tando mbili kuwa vyumba vitatu vilivyojaa maji. Juu kuna utando wa Reissner, unene wa seli mbili tu. Chini kuna utando wa basila, na huu ndio uwanja wa mchezo: juu yake zimepangwa seli nywele, safu moja ya ndani yenye seli kama 3,500 na safu tatu za nje zenye kama 12,000. Juu ya seli hizo umelala utando wa tatu, laini kama ute wa yai ulioganda. Huo ni utando wa tektoria. Sauti ikiingia, utando wa basila unapanda na kushuka, seli zinasuguana na utando wa juu, vinyweleo vyao vinapinda, na umeme unaingia.

Nimesema umeme, na si kwa mfano. Chumba cha kati, kile kilichobanwa kati ya utando wa Reissner na ule wa basila, kina maji yenye potasiamu nyingi na kimechajiwa kufikia milivolti 80 hivi juu ya vyumba vya jirani. Ni betri. Kazi kubwa ya tando hizo ni kuyazuia maji ya vyumba hivyo yasichanganyike. Utando wa Reissner ukichanika, chaji inaanguka na kusikia kunaanguka nayo.

Majina ya tando yanatoka mwaka mmoja, 1851. Alfonso Corti, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi Würzburg, alichora safu za seli nywele, na Ernst Reissner kule Dorpat, leo Tartu nchini Estonia, akaeleza utando uliobeba jina lake. Lakini kuchora si kuelewa. Hermann von Helmholtz alidhani utando wa basila ni kama nyuzi za piano, kila uzi na noti yake. Hakuwa mbali sana na ukweli: utando huo ni mwembamba na mgumu kule mwanzoni karibu na kidirisha, halafu unapanuka na kulegea kadiri unavyoelekea kileleni. Sauti nyembamba zinatikisa zaidi sehemu ya mwanzo, na sauti nene zinafika mbali. Aliyeliona hilo kwa macho ni Georg von Békésy, mhandisi aliyefanya kazi kwenye maabara ya simu ya posta ya Hungaria mjini Budapest. Alitumia koklea za maiti, akanyunyiza chembe ndogo za madini ndani yake, akamulika kwa taa ya kumwekamweka, na kuona wimbi likisafiri juu ya utando kama wimbi kwenye kamba iliyopigwa. Alipima hata sikio la tembo. Nobeli yake ilikuja 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika.

Shikilia hilo la sauti nyembamba kukaa mlangoni, maana tutalihitaji.

Mlio kama kipimo cha dozi

Sasa turudi ziwani. Kwinini ilitengwa kutoka kwenye magome ya mti wa sinkona mwaka 1820 na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou. David Livingstone alipofika Nyasa mara ya kwanza, Septemba 1859, alikuwa na mchanganyiko wake mwenyewe wa vidonge: kwinini pamoja na dawa kali za kuharisha. Vilikuja kuuzwa baadaye kwa jina lake. Utaratibu wa zama hizo ulikuwa rahisi: unaendelea kumeza kwinini hadi masikio yalie. Hapakuwa na maabara ya kupima dawa kwenye damu, kwa hiyo sikio ndilo lililokuwa mita. Ukweli ni kwamba haikuwa mita mbaya. Mlio na uziwi wa kwinini hufuata kiasi cha dawa kilichomo kwenye damu. Dawa ikipanda, unapanda, dawa ikishuka, unashuka. Walichokosa kujua ni kwamba mita hiyo inasoma kwa kuumia.

Mwaka 1866 Livingstone alirudi, safari hii akipandisha bonde la Ruvuma hadi ziwani. Januari 1867, akiwa ameshaliacha ziwa nyuma, mpagazi alitoroka na sanduku lake la dawa, kwinini ikiwemo. Aliandika kwamba alijiona kama aliyesomewa hukumu ya kifo. Alikufa 1873. Mimi nadhani tukio hilo la sanduku linaeleza thamani ya kwinini kwa wageni hawa kuliko takwimu yoyote.

Waliomfuata waliijenga kabisa kwenye maisha yao. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilipiga kambi kisiwani Likoma katika miaka ya 1880, ikaleta meli ya Charles Janson, na mwaka 1901 ikashusha majini meli kubwa zaidi, Chauncy Maples, iliyopewa jina la askofu aliyezama humo humo ziwani mwaka 1895. Ilikuwa shule, kanisa na zahanati inayoelea. Kwa vijiji vya ufukwe wa mashariki, ambako barabara zilikuwa njia za miguu zinazopanda milima kuelekea Umatengo, dawa ilikuja kwa maji.

Upande wa Wajerumani, Robert Koch mwenyewe alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria, na baadaye serikali ya kikoloni ikaanza kugawa kwinini kwa utaratibu mjini humo. Ilipofika vita, kwinini ikawa silaha. Na kwa kuwa tuko ufukweni: moja ya mapigano ya mwanzo kabisa ya Vita Kuu ya Kwanza majini yalitokea Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya lile jiwe la Pomonda linalofanana na sanamu ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, iliifyatulia mzinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, rafiki wa Rhoades wa kunywa naye, alikuwa hajapata habari kwamba kuna vita. Alikuja kwa mashua kuuliza ni ulevi gani huu. Akachukuliwa mateka.

Bahari ilipofungwa na Waingereza, kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara kilitengeneza kwinini kutokana na sinkona iliyopandwa pale pale. Amani ilipopotea mwaka 1916, jeshi la Lettow-Vorbeck lilichemsha magome na kunywa maji yake, kinywaji kichungu ambacho askari walikiita kwa utani pombe kali ya Lettow. Kwa wapagazi wa Kiafrika wa pande zote mbili hali ilikuwa nyingine. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi, na katika mgao wa dawa wao ndio waliokuwa mwisho wa foleni.

Sasa, ndani ya sikio kwinini inafanya nini hasa? Jibu lilichelewa sana, kwa sababu watu walidhani utando wa basila unatikisika tu wenyewe. Mwaka 1978 David Kemp, jijini London, aliweka maikrofoni ndogo kwenye tundu la sikio na kugundua kwamba sikio zima linatoa sauti. Ndiyo, linatoa. Unalipigia mlio mfupi, nalo baada ya kitambo kidogo linakujibu kwa mwangwi wake. Katika miaka ya 1980 ikaonekana kwamba zile seli nywele za nje zinajifupisha na kujirefusha zikipata umeme, maelfu ya mara kwa sekunde, na hivyo kuusukuma utando wa basila upande zaidi. Ni kikuza sauti kilicho hai. Mwaka 2000 protini inayofanya kazi hiyo ilipatikana, ikaitwa prestini.

Kwinini inakishusha kikuza sauti hicho. Majaribio yameonyesha kwamba seli za nje zinapoteza nguvu zake mbele ya dawa hii, na mishipa midogo ya damu ya koklea nayo inabanwa. Mwangwi wa Kemp unapungua. Sauti zinakuwa za mbali. Kuhusu ule mlio wenyewe, maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ubongo ukipokea kidogo kuliko ulivyozoea unaongeza sauti upande wake, kama mtu anayezungusha kitufe cha redio stesheni ikififia, na unachosikia ni mvumo wa mitambo. Lakini seli hazijafa. Dawa ikitoka kwenye damu, zinarudi kazini. Kwa dozi za kawaida za hospitali, kwa wagonjwa wengi, deni linalipwa. (Kumeza kwinini kupita kiasi ni habari nyingine, huko mtu anaweza kupoteza macho, sio masikio tu.)

Ndiyo maana niliita kwinini mkopaji. Imeondoka wodini kama dawa ya kwanza si kwa ajili ya masikio bali kwa sababu ilipatikana dawa inayookoa zaidi. Utafiti mkubwa wa AQUAMAT, uliochapishwa 2010 na kuhusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, wakiwemo wa hospitali za Muheza na Korogwe mkoani Tanga, ulionyesha vifo 8.5 kwa kila 100 kwa waliopewa sindano ya artesuneti dhidi ya 10.9 kwa waliopewa kwinini. Kwa malaria isiyo kali tulikuwa tumeshaiacha klorokwini mwaka 2001, pamoja na muwasho wake usiosahaulika, na baada ya SP tukahamia dawa ya mseto. Kwa hiyo msomaji mwenye miaka 15 leo huenda hana habari kabisa na ule mlio niliouanzia.

Sindano zisizorudisha

Streptomaisini ilipatikana Marekani mwaka 1943, kutoka kwa bakteria wa udongoni. Ilikuwa dawa ya kwanza iliyoiweza kweli kifua kikuu. Jaribio maarufu la Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, lililochapishwa 1948, lilikuwa na wagonjwa 107: waliopata sindano walikuwa 55, na baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa 4, waliolazwa tu kitandani walikuwa 52, wakafa 14. Hapo hakuna ubishi. Lakini ripoti hiyo hiyo ilieleza kwamba zaidi ya nusu ya waliochomwa walipata kizunguzungu.

Sikio la ndani, tukumbuke, si koklea peke yake. Pembeni yake kuna mifereji mitatu ya nusu duara na vifuko viwili, vyote vya mizani ya mwili. Navyo vina seli nywele, navyo vina tando. Kwenye vifuko, vinyweleo vimezama kwenye utando mzito kama uji uliotandazwa, na juu yake zimenyunyizwa fuwele ndogo za chokaa. Ukiinamisha kichwa, uzito wa fuwele unauburuta utando, vinyweleo vinapinda, ubongo unajua chini ni wapi. Kwenye mifereji kuna pazia laini linalosukumwa na maji kila kichwa kikigeuka. Mwaka ule ule wa mzinga wa Liuli ndio uliobeba Nobeli ya Robert Bárány wa Vienna, aliyegundua kwamba ukimtia mtu maji ya baridi au ya moto sikioni, macho yake yanaanza kurukaruka, kwa sababu joto linayatembeza maji ya mfereji. Habari ya tuzo ilimkuta akiwa mfungwa wa vita kwenye kambi ya Warusi. Kipimo chake ndicho kilichotumika kuwaonyesha madaktari wa streptomaisini kilichotokea: wagonjwa walitiwa maji baridi sikioni na macho yakatulia tuli. Mizani ilikuwa imezimwa.

Tofauti na kwinini iko hapa. Streptomaisini na ndugu zake wanaingia ndani ya seli nywele kupitia milango ile ile inayofunguka vinyweleo vikipinda. Kusikia kwenyewe ndiko kunakowafungulia mlango. Wakishaingia wanakaa, wiki hata miezi, na kuharibu mitambo ya seli, hasa mitokondria, ambazo mashine zake za kutengeneza protini zinafanana na za bakteria. Seli inakufa, na kwa binadamu haioti tena. Mwaka 1988 watafiti walionyesha kwamba kuku na kware wanaotesha seli nywele mpya baada ya zile za zamani kuharibiwa. Kuku wako anayeparua uani ana uwezo ambao wewe huna.

Afrika Mashariki iliingia kwenye hadithi hii kama mhusika mkuu. Kuanzia 1970, hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania zilishirikiana na Waingereza kujaribu tiba ya miezi 6 badala ya mwaka mmoja na nusu, na matokeo yaliyochapishwa 1972 yalibadilisha tiba ya kifua kikuu duniani kote. Streptomaisini ya kila siku ilikuwemo. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ikisaidiwa na Karel Styblo, na katika miaka ya 1980 mgonjwa mpya mwenye makohozi yenye vimelea alianza kwa miezi miwili ya dawa nne, mojawapo sindano ya streptomaisini kila siku. Mpango huo uliigwa na nchi nyingi. Ulikuwa mpango mzuri, nalisema hilo waziwazi, kwa sababu ni rahisi kukaa na kompyuta leo na kulaumu. Kifua kikuu kisichotibiwa kinaua karibu nusu ya wanaougua, na kinawaambukiza waliobaki nyumbani.

Kusini kulikuwa na sababu ya ziada. Wanaume wa kusini mwa Tanganyika walikuwa wameandikishwa na Wenela kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Vumbi la mwamba linaacha mapafu yakiwa wazi kwa kifua kikuu, na mashine za kutoboa mwamba zinaua seli nywele kwa kelele tu, bila dawa yoyote. Mtu aliyerudi na vyote viwili na kisha kuchomwa sindano 60 alikuwa amelipigisha sikio mara mbili.

Chukua sasa mvuvi wa usipa wa Lituhi au Mbamba Bay aliyemaliza sindano zake na kupona. Mchana yuko sawa. Mizani ya mwili inategemea vitu vitatu: sikio la ndani, macho, na habari kutoka kwenye nyayo na viungo. Kimoja kikiondoka, viwili vinaziba pengo. Lakini usipa huvuliwa usiku, kwa taa, na usiku wa giza ndio mzuri. Mtumbwi unazinyima nyayo habari za kweli. Giza nje ya mduara wa taa linayanyima macho. Anabaki na sikio ambalo halipo. Na akianguka majini? Mwaka 1882 Mmarekani William James aliwachunguza mamia ya viziwi na kukuta wengi hawapati kizunguzungu hata wakizungushwa. Wapo waliomweleza kwamba wakizama wanapotea, hawajui juu ni wapi. Ndiyo sababu leo mtu aliyepoteza mizani ya pande zote mbili anaonywa asiogelee gizani. Mvuvi wetu huyo anaweza kuwa mtu pekee mtumbwini asiyetapika mwera ukivuma, na wenzake wakamsifu kwa uzoefu wa ziwa.

Kule juu kwenye milima ya Umatengo, kati ya mashimo ya ngolo na mikahawa, tatizo ni lile lile kwa sura nyingine: kushuka njia ya mteremko usiku, ukitembea kama mlevi hali hujaonja kitu. Na watu wataseme nini? Watasema umelewa.

Baadaye ilikuja kanamaisini, iliyopatikana Japani mwaka 1957, ambayo inapiga zaidi koklea kuliko mizani. Hiyo ndiyo iliyotumika kwa kifua kikuu sugu. Kibong'oto, hospitali iliyoko Siha mkoani Kilimanjaro, ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009, na mwanzoni mgonjwa wa Ruvuma alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 kuifuata tiba hiyo, kisha kuchomwa sindano kwa miezi. Hapa ndipo ile habari ya sauti nyembamba kukaa mlangoni inapouma. Sumu hii inaanza kuua seli za mwanzo wa utando wa basila, yaani za sauti nyembamba kabisa, halafu inapanda kuelekea kileleni. Mgonjwa anapoteza kwanza nyenje na vindege, vitu ambavyo hakuna anayeviulizia kwenye fomu ya kliniki. Kisha zinaondoka s, f, sh na th. Saa, taa na faa zinakuwa neno moja. Anakusikia ukiongea, haelewi unachosema. Atakapokuja kulalamika mwenyewe, utando umeshaliwa sehemu kubwa. Njia ya kumwahi ni kupima kusikia kabla ya sindano ya kwanza na kurudia kila mwezi kwa mashine, na ni hospitali chache za wilaya zilizokuwa nayo.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza 2018 kwamba kanamaisini haipendekezwi tena, likaielekeza tiba ya kifua kikuu sugu kwenye vidonge, bedakwilini ikiongoza. Streptomaisini ya kurudia tiba ilikuwa imeondolewa kwenye mapendekezo mwaka mmoja kabla. Sindano za ndugu zao hazijaisha lakini: jentamaisini ipo kila zahanati, inawaokoa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, na ni ya ukoo ule ule. Kwa siku chache na kwa dozi sahihi hatari ni ndogo. Ukiandikiwa kwa muda mrefu, uliza habari ya masikio na figo, na masikio yakianza kulia au dunia ikianza kuyumba, sema siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Wanaobaki ni waliotibiwa zamani. Aliyechomwa sindano hizo mwaka 1985 akiwa na miaka 30 leo anakaribia au amepita 70, na nyumbani wanasema mzee amekuwa kiziwi, ni uzee tu. Huenda ni uzee. Kama unaye babu au bibi wa namna hiyo, muulize kama aliwahi kuchomwa sindano za kifua kila siku kwa miezi miwili, na kama tangu hapo anaogopa kutembea gizani. Akisema ndiyo, mwachie taa ya choo ikiwaka usiku. Na usimpigie kelele: kelele zinaongeza sauti nene ambazo anazisikia tayari, zile zilizopotea hazirudi. Kaa mbele yake, kwenye mwanga, aone midomo yako, na useme polepole.